Dalali ameipaka chokaa nyumba ya marehemu mama: je, nimwambie mnunuzi?

BARUA

Mshauri wetu,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa mtaa wa Mkomani mjini Lamu, na nimekuwa nikiisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitakuwa na la kuuliza. Nakuomba usilitaje jina langu, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na habari za mtu humtangulia kufika nyumbani kwake.

Mama yetu alifariki miaka miwili iliyopita, akatuachia nyumba ya mawe ya ghorofa moja yenye daka (kibaraza cha mlangoni) mbele, kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, na zidaka za ukutani katika chumba cha ndani ambamo bibi yetu alikuwa akipanga sahani zake za kaure. Tuko watoto watatu: kaka yangu anayeishi Mombasa, mimi, na mdogo wangu aliyeolewa Malindi. Baba alitangulia zamani. Kadhi amekwisha kutubainishia mafungu yetu, nusu ya kaka na robo kwa kila mmoja wetu sisi wanawake, ingawa hati ya nyumba bado ina jina la marehemu. Mimi ndiye niliyebaki humo nikimuuguza mama hadi siku yake, kwa hiyo hakuna anayeijua nyumba ile kuliko mimi. Tulikubaliana kuiuza kwa sababu kaka ameelemewa na deni la matibabu ya mkewe, na kwa sababu mimi matengenezo yamenishinda.

Kazi ya kutafuta mnunuzi tulimpa mtoto wa khaloo yangu, yaani dada ya mama, ambaye udalali wa nyumba ndio riziki yake. Hatukuandikiana kitu, kwani nani humwandikisha mkataba mtoto wa khaloo yake? Tulimwambia tu kwamba tunataka shilingi milioni 9, na kwamba asilimia 3 ya hizo itakuwa haki yake.

Sasa nieleze hali ya nyumba. Boriti nne za dari ya msana, yaani ukumbi, zimeliwa na mchwa, na ukizigonga kwa ufunguo hulia kama kibuyu kitupu. Ukuta wa upande wa kichochoroni umefura, na kila masika hufungua ufa ambao kidole changu cha shahada huingia hadi kiungo cha pili. Kisima cha kiwandani, ambacho mama alikitumia kwa kupikia na kufulia, maji yake yamekuwa ya chumvi. Haya yote nilimwonyesha dalali siku ya kwanza. Wiki iliyofuata alikuja na fundi, wakashinda siku tatu: boriti zikapakwa rangi nyeusi iliyong'aa, ufa ukajazwa saruji, ukuta mzima ukapigwa chokaa, na kisima kikafunikwa kwa mbao na juu yake vikawekwa vyungu vya maua. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu, "Dada, bibi harusi hatolewi kabla hajapambwa."

Mnunuzi amepatikana. Ni mama mmoja muuguzi aliyestaafu, mpole, ambaye anataka kuweka kiinua mgongo chake chote katika nyumba hii ili azeekee Lamu. Amekuja mara tatu. Mara ya tatu alisimama msanani, akaweka kiganja chake juu ya ile chokaa mpya, pale pale penye ufa, akaniuliza, "Bibi, nyumba hii ina taabu yoyote ambayo ningepaswa kuijua?" Dalali alikuwa amesimama nyuma yake akinitazama. Mimi nikasema, "Nyumba ya mawe haina taabu, ina umri tu." Akacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo sijalala usingizi wa kueleweka.

Siku hiyo hiyo, tukinywa kahawa kiwandani, yule mama akasema kwamba milioni 9 na laki 8 ni pesa nyingi kwake, lakini moyo wake umeipenda nyumba. Nilidhani nimesikia vibaya. Bei yetu ni milioni 9. Sikuthubutu kumuuliza mbele ya dalali, lakini naamini kwamba mtoto wa khaloo yangu ameweka cha juu, na kwamba hizo laki 8 hazitafika kwetu.

Nilimpigia kaka yangu kumweleza habari za boriti, akasema kila anunuaye ana macho yake, na kwamba nikiharibu biashara hii nitakuwa nimemchimbia kaburi. Mdogo wangu wa Malindi anasema nimwambie mnunuzi kila kitu leo hii. Nadhani khaloo yangu alisikia fununu, maana alikuja mwenyewe jioni, akakaa darini kwangu hadi isha, na alipoondoka alinishika mkono akasema nisimvunjie mwanawe heshima mjini. Za cha juu sijamwambia mtu yeyote ila wewe.

Baada ya majuma mawili tunatakiwa kutia saini kwa wakili, na mnunuzi atoe arubuni ya asilimia 10. Nauliza: ikiwa mimi sikusema uongo, na aliyepaka chokaa ni dalali, je, lawama ni yangu? Na nikisema, nitakuwa nimemwokoa mgeni na kuwaangamiza ndugu zangu?

Aliyekosa usingizi,
Mkomani, Lamu

JIBU

Dada yangu, wa alaykumu salaam. Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko kawaida yangu, na kila mara nimesimama pale pale uliposimama wewe: kwenye kile kiganja juu ya chokaa. Allah amrehemu mama yenu. Umemuuguza, umebaki na nyumba yake, na sasa mzigo wa kuiuza umekuangukia wewe unayeijua zaidi, wakati ndugu zako wanaizungumzia kwa simu. Si haki kwamba mzigo umekaa begani mwa mtu mmoja, na kabla ya mengine ningependa ujue kwamba kukosa kwako usingizi hakunishangazi hata kidogo.

Nikikuelewa vizuri, nyumba ina kasoro tatu unazozijua. Dalali wenu amezifunika. Mnunuzi amekuuliza waziwazi nawe ukamjibu kwa maneno yaliyomtuliza. Kaka anakutaka unyamaze, mdogo wako anakutaka useme, na khaloo anakuomba heshima ya mwanawe. Juu ya hayo unashuku kwamba dalali huyo huyo anamtajia mnunuzi bei moja na ninyi nyingine. Umeniuliza kuhusu siri moja, dada yangu, lakini barua yako ina mbili. Ya kwanza mnamficha mnunuzi, na ya pili mmefichwa ninyi. Nimelitafakari hilo sana, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba desturi ya kuweka mambo wazi katika uuzaji wa nyumba ni ya kumlinda anayenunua peke yake. Kisa chako kinaonyesha dalali aliyezoea kufunika ukuta akiifunika na bei.

Niruhusu nianze na neno lako kwamba hukusema uongo. Sitaki kukuhukumu, na aliyekuwa akikutazama wakati ule alikuwa dalali, si mimi. Ila nadhani wewe mwenyewe huliamini neno hilo, la sivyo usingeniandikia. Sheria ya mikataba ya Kenya ilitokana na ile ya Uingereza, na kwa jumla humwachia mnunuzi jukumu la kukagua anachokinunua. Muuzaji aliyenyamaza kimya kabisa huwa mahali pa usalama kiasi. Hapo kaka yako ana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Lakini kimya ni jambo moja, jibu la nusu ni jambo la pili, na kufunika kasoro kwa mikono ni jambo la tatu. Katika kesi ya Gordon dhidi ya Selico, iliyofika Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1986, fleti ilikuwa na ukungu unaoozesha mbao, na kabla ya kuuzwa ukungu huo ulifunikwa usionekane. Mahakama iliona kwamba kitendo cha kufunika ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyetamka kwamba mbao ni nzima. Hukumu za huko si amri kwa majaji wetu, lakini huzisoma na kuzizingatia, na sidhani kama kuna tofauti kubwa kati ya ukungu wao na mchwa wetu. Mnunuzi aliyedanganywa kwa namna hiyo anaweza kuomba mkataba ubatilishwe na kudai fidia.

Neno lako la pili, kwamba aliyepaka ni dalali, lina uzito wake. Hata hivyo, dalali huyo alikuwa akifanya kazi kwa niaba yenu, ndani ya nyumba yenu, nawe ukijua. Mtu unayemtuma akuuzie mali, anayoyafanya katika kazi uliyomtuma yanaweza kukurudia wewe uliyemtuma. Na mkataba utakaposainiwa, majina yatakayoandikwa kama wauzaji ni ya warithi watatu. La dalali halitakuwemo. Ikiwa boriti zitaanguka masika ijayo, yule mama atafungua mkataba wake na kutafuta majina hayo matatu, likiwemo la mdogo wako ambaye alitaka mseme tangu mwanzo.

Pengine unajiuliza kama sheria yetu inamtaka muuzaji aeleze kasoro kwa maandishi. Wenzetu wa jimbo la California kule Marekani wanayo kanuni ya namna hiyo. Mwaka 1984, katika kesi ya Easton dhidi ya Strassburger, mahakama ya rufani ya huko iliwawajibisha madalali waliouza nyumba iliyojengwa juu ya udongo wa kujazia usioshindiliwa vizuri. Waliona sakafu haiko sawa na wavu umetandazwa mlimani kuzuia udongo, wasichunguze wala kumwambia mnunuzi. Baadaye ikatungwa sheria, na tangu mwaka 1987 muuzaji wa huko humkabidhi mnunuzi taarifa ya maandishi ya kasoro anazozijua, naye dalali huongeza aliyoyaona kwa macho yake. Kenya haina sheria inayomlazimisha muuzaji wa nyumba kujaza taarifa kama hiyo. Lakini hakuna inayokukataza kuiandika. Muuzaji aliyeandika, "boriti nne za msana zina mchwa, ukuta wa kichochoroni una ufa uliojazwa saruji, kisima kina maji ya chumvi," na mnunuzi akatia saini kwamba ameonyeshwa na ameridhika, hawezi kuambiwa kesho kwamba alificha. Karatasi hiyo ingemlinda mnunuzi, ni kweli, lakini naiona ikiwalinda ninyi zaidi, maana yeye angeweza kujilinda kwa kumleta fundi wake, na ninyi baada ya kuuza hamtakuwa na kingine cha kujilindia.

Umenisalimu kwa salamu ya Kiislamu, kwa hiyo sidhani nitakuwa nimejiingiza pasiponihusu nikigusa upande huo. Unakumbuka hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, alipotia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta unyevu chini, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mafakihi wetu wana mlango mzima wa hiari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua kasoro ya zamani ambayo hakuambiwa. Ukitaka kulijua hili kwa undani, waulize masheikh wa mji wako, nao Lamu hamna uhaba wao. Mimi nalitaja kwa sababu barua yako inauliza juu ya sheria, ilhali naona kinachokunyima usingizi kimekaa mahali pengine.

Sasa nikuulize jambo. Umejuaje kwamba ukisema, mnunuzi ataondoka? Kaka amesema hivyo, dalali ameonyesha hivyo, lakini yeye mwenyewe hajaulizwa. Mtu aliyeamua kununua nyumba ya matumbawe na boriti za mikoko si mtoto. Huenda amekwisha kuambiwa na wenyeji kwamba boriti huliwa na hubadilishwa, na kwamba kila nyumba ya Mkomani imebadilishiwa boriti mara kadhaa tangu ijengwe. Kisima cha chumvi nacho si aibu ya nyumba yenu, maana mji mzima unajua kwamba maji yake matamu hutegemea vilima vya mchanga vya Shela. Huenda akaomba apunguziwe. Huenda akasema asante na kwenda zake, na hilo nalo lazima ulitegemee, kwani sitakuahidi lililo mikononi mwa mtu mwingine. Ila kuna tofauti kati ya hasara unayoijua na hofu ambayo hujaipima.

Na kupima kunawezekana. Kabla hujasema na yeyote, ungeweza kumwita fundi wa nyumba za kale, asiyekuwa yule wa dalali, akagonga boriti zote na kukuambia ngapi ni za kubadilishwa na kwa gharama gani. Mwombe autazame na ule ukuta. Saruji ngumu juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa mara nyingi huufungia unyevu ndani, na yaliyofanywa kwa siku tatu kwa ajili ya macho yanaweza kuwa yameuongezea ukuta maradhi. Ukiwa na hesabu mkononi, mazungumzo na kaka yako yatabadilika. Badala ya kubishana kama mseme au msiseme, mtazungumza juu ya kiasi fulani cha fedha ambacho kinaweza kutolewa katika bei, au kutumika kutengeneza kwanza.

Kutengeneza kwanza ni njia ambayo wengi wangeipenda, kwa sababu inaondoa siri bila kumwaibisha mtu. Ina matatizo yake. Fedha hamna, na kaka ana haraka. Mji Mkongwe wa Lamu uko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na kazi ya ukuta au dari inahitaji idhini ya wahusika wa uhifadhi kabla haijaanza, kwa hiyo majuma mawili hayatoshi. Hapo hapo pana jambo la nne ambalo huenda mnunuzi hajaambiwa: nyumba iliyomo katika eneo hilo haiongezwi ghorofa wala kubadilishwa sura kwa hiari ya mwenyewe. Ikiwa ndoto yake ya uzeeni ni kujenga vyumba vya wageni juu, ni vizuri alijue hilo mapema.

Njia nyingine ni kusema na kupunguza bei. Mkipunguza, kwa mfano, laki 6, katika hesabu ya mafungu yenu kaka hupungukiwa laki 3, na wewe na mdogo wako laki 1 na nusu kila mmoja. Kwa mtu mwenye deni la hospitali laki 3 si kidogo, na sitaki useme nami nimelidharau. Ungeweza kumuuliza kaka, kwa upole na si kwa simu ya haraka, atafanya nini ikiwa fedha hizo zitadaiwa baada ya mwaka mmoja wakati amekwisha kuzilipa hospitalini. Sijui atajibu nini. Pengine atasema heri deni la kesho kuliko la leo, na mtu aliyebanwa akisema hivyo humwelewi kwa kumkemea. Lakini ni lazima aichague hatari hiyo akiijua, kwa sababu hataibeba peke yake.

Kunyamaza nako ni njia, na ningekuwa nakuficha kama nisingeitaja. Inawezekana mkauza, mkagawana, na boriti zikakaa miaka. Inawezekana pia yule mama akaleta mkaguzi wake kabla ya saini, akagundua rangi mpya juu ya mbao iliyokufa, na mkapoteza mnunuzi pamoja na jina. Na hata kama hayo yote hayatatokea, yeye atakuwa mkazi wa Mkomani. Utakutana naye vichochoroni, atakualika kahawa katika kiwanda kile kile. Umelifikiria hilo bila shaka, na ni wewe peke yako unayejua kama unaweza kuishi nalo.

Nije kwenye cha juu. Hapa nakuomba uende taratibu, kwa sababu unashuku lakini hujathibitisha. Mnunuzi wa nyumba mjini hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4, ambao kwa milioni 9 ni shilingi 360,000, na juu yake kuna ujira wa wakili na ada nyingine. Yumkini dalali alimjumlishia gharama hizo, naye akazitaja zote kama bei. Mimi naona laki 8 ni nyingi kwa hesabu hiyo, na maneno yake uliyoyanukuu yanasikika kama bei ya nyumba, lakini sikuwapo. Njia ya kujua bila kumtuhumu mtu ni kuhakikisha kwamba wauzaji na mnunuzi wanakaa meza moja mbele ya wakili, bei inatamkwa kwa sauti, na nambari hiyo hiyo inaandikwa katika mkataba. Ikiwa kuna cha juu, kitajitokeza chenyewe, na hutakuwa umemnyooshea mtu kidole.

Ikiwa ni kweli, ujue kwamba si ujanja wa kawaida wa soko, ingawa katika pwani yetu umezoeleka hata wengine huuona kama haki. Wakala ana wajibu wa kutomficha aliyemtuma faida anayoipata katika kazi aliyotumwa. Hii ni kanuni ya zamani ya sheria ya uwakala, na faida ya siri kwa kawaida huhesabiwa kuwa ni mali ya aliyemtuma. Kwa lugha nyepesi, hizo laki 8, kama zipo, mna haki ya kuzidai. Kuna pia Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, ya mwaka 1984, inayotaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na bodi yake. Unaweza kumuuliza mtoto wa khaloo kama amesajiliwa. Simaanishi umkimbilie kwa polisi. Nataka ujue unazungumza na nani: mtaalamu mwenye bodi inayoweza kumhoji, au ndugu anayejaribu bahati yake.

Umeuliza kwa uchungu, nani humwandikisha mkataba mtoto wa khaloo yake. Nimekuwa nikiisikia sentensi hiyo kwa miaka, karibu kila mara ikitoka kwa mtu aliyegombana na ndugu. Karatasi fupi inayosema bei ni hii, ujira ni asilimia 3, hakuna malipo mengine kutoka upande wowote bila pande zote kujua, na kasoro za nyumba ni hizi na zitatajwa, ingemwondolea yeye kishawishi na kukuondolea wewe shaka. Bado inaweza kuandikwa. Anaweza kukasirika. Anaweza pia kupumua, kwa sababu huenda naye amebanwa na mambo ambayo hatuyajui.

Kuhusu khaloo, sioni kwamba amekuomba umdhulumu mtu. Amekuomba usimvunjie mwanawe heshima. Je, kumwita mwanawe faragha, kabla ya siku ya wakili, na kumwambia, "Mimi nitamwonyesha yule mama boriti, napenda uwepo na uzionyeshe wewe mwenyewe," ni kumvunjia heshima? Wengine watasema ndiyo. Mimi naona ni kumpa mlango wa kutokea, lakini wewe unamjua, na unajua kama ni mtu wa kupita mlangoni au wa kuupiga teke.

Kuna mambo ya karatasi ambayo hayangoji uamuzi wako wowote. Hati ikiwa bado na jina la marehemu, mnunuzi akifanya upekuzi rasmi wa rejista, ule tunaouita sachi, ataliona jina la mama na si lenu. Mwulizeni wakili ni hatua gani za mirathi zimebaki baada ya tamko la kadhi ili muwe na mamlaka ya kuuza, na msipokee fedha kabla ya hapo. Mkataba wa kuuza nyumba lazima uwe wa maandishi, usainiwe na pande zote mbele ya mashahidi. Arubuni iwekwe kwa wakili, isipitie mkononi mwa dalali. Na kama inawezekana mnunuzi awe na wakili wake mwenyewe, ili siku za usoni asije kusema kwamba wakili mmoja aliwatumikia wawili.

Ningekuwa jirani yako ningekuja tukae darini tuzungumze haya polepole. Kwa kuwa siko, nafikiri wa kwanza wa kumsikiliza ni mdogo wako wa Malindi. Amekwambia useme kila kitu leo. Mwulize kama yuko tayari kuwa nawe katika simu utakapozungumza na kaka, na kama yuko tayari kupungukiwa katika robo yake. Usiende kwa kaka peke yako tena. Mwite fundi mchana, wakati jua linaingia kiwandani, akagonge boriti zile mbele yako na aandike anachokisikia. Kisha niandikie uniambie amepata ngapi.